Namba ya Aune

Hancock, Michigan
Tarehe 9 Novemba 2008

Mpwa wangu Rhonda,

Pokea salamu zangu na za theluji, maana naye keshafika na hana dalili ya kuondoka. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini yamelalamika tangu nilipokuwa dereva wa mtambo wa kuzoa theluji wa wilaya na hakuna aliyeyasikiliza. Mama yako hajambo? Mwambie kaka yake bado ana jamu ya matunda ya mwituni aliyoipika Aune, na hampi mtu hata kijiko mpaka dada mwenyewe aje aombe kwa mdomo wake.

Tangu tumzike mke wangu Aune hatujaandikiana, wala sisemi kwa kulaumu. Krismasi uliniambia kwenye simu, "Nitakupigia tena, mjomba," nami nikangoja. Afadhali barua. Simu hunisahaulisha nilichotaka kusema.

Sasa neno langu ni hili. Nina kashughuli Marquette baada ya Mwaka Mpya, na nitakaa huko kama mwezi kwa binamu yake Aune. Unajua kwetu mtu akiondoka wakati wa baridi lazima afunge nyumba: akaushe mabomba, azime tanuri, akate umeme. La sivyo atarudi akute jikoni kumekuwa uwanja wa hoki ya barafu. Tatizo ni kompyuta ya Aune, ile iliyo kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Bado inatafuta namba tasa yake. Alinieleza mara nyingi, maskini, kama mwalimu wa hesabu anavyomweleza mwanafunzi mzito: namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na hizi wanazozitafuta wao ni ndefu hata ukiichapa moja itajaza kitabu. Alisema, "Reino, tuko maelfu dunia nzima, kila mmoja na kompyuta yake ya nyumbani. Tunagawiwa namba kama watu wanaochimba viazi wanavyogawana matuta." Akafa hajamaliza tuta lake. Kioo kinaonyesha asilimia sitini na kitu.

Je, nikiizima kuna ubaya? Yeye ndiye aliyekuambukiza ugonjwa huu, kwa hiyo wewe ndiye wa kuulizwa.

Mjomba wako,
Reino


Tucson, Arizona
Tarehe 30 Novemba 2008

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilinikuta na mafua, na huku kwetu bado watu wanavaa kaptula, kwa hiyo hakuna anayenionea huruma. Mama hajambo kwa mwili. Kwa kichwa, kuna siku yupo na kuna siku hayupo. Jana alinifukuza jikoni akidhani mimi ni mwizi wa biskuti. Lakini nilipomsomea habari za jamu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie Reino ni bahili tangu tumboni." Ujumbe umefika.

Mjomba, nakuomba sana usiizime. Kwanza, mashine kuukuu iliyozoea kuwaka miaka, ukiiacha ikapoa kwenye baridi yenu huenda isiamke tena. Pili, kila baada ya muda inatuma salamu makao makuu kusema kazi inaendelea. Ikikaa kimya, wenyewe huhesabu kuwa mwenye namba kaacha, na namba hupewa mtu mwingine. Mama Aune atanyang'anywa tuta lake, akabidhiwe Mreno au Mjapani ambaye hata hajui kwamba Aune Lahtinen alipata kuwepo. Nadhani kufikia majira ya kuchipua itakuwa imemaliza. Sijui nikuelezeje, ila hii namba naiamini.

Shughuli ya Marquette haiwezi kungoja kidogo? Hukusema ni ya nini.

Mpwa wako,
Rhonda


Hancock
Tarehe 17 Desemba 2008

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama palepale posta, halafu nikaisoma tena nyumbani na kahawa. Mwambie mama yako ubahili ndio ulionifikisha umri huu. Kanisani tumekula samaki wa ziwani na viazi, mchungaji akahubiri mpaka viazi vikapoa. Wote wanakusalimu, hata wale wasiokukumbuka.

Marquette inaweza kungoja. Ni mambo ya kizee tu.

Jirani yangu Wesley Tormala alikuja kunisaidia kuzoa theluji kwa koleo. Akaniuliza, "We Reino, kumbe kweli umebaki hapa kulea kompyuta?"

"Ndiyo."

"Inakulipa?"

"Haili pasti yangu ya nyama na viazi kama wewe."

Akaendelea kula. Lakini aliposikia nimeahirisha Marquette alikasirika kweli, akaweka uma chini. Mwache, Wesley ana hasira za karibu.

Tufanye hivi: mimi nitakuandikia asilimia imefika ngapi, nawe utanijibu. Ila andika herufi kubwa kidogo. Ama kalamu yako imekuwa hafifu, ama taa yangu.

Mjomba Reino


Tucson
Tarehe 4 Januari 2009
(Barua hii haikutiwa kwenye bahasha.)

Mjomba,

Mama amelala, nami nimekaa mezani kukuambia kitu ambacho nikiendelea kukinyamazia kitanioza.

Nimeidokoa namba ya Mama Aune.

Kwetu sisi watu wa namba, kudokoa kunajulikana kuliko dhambi nyingine zote. Mtu amegawiwa namba yake, kompyuta yake ni ya pole, wewe una yenye mbio. Unaipima namba ya mwenzako kabla hajamaliza, unamwonjea chungu chake jikoni kwake. Hakuna sheria itakayokufunga, ila watu hawakusahau. Mama Aune mwenyewe aliniambia siku aliyonifundisha, "Fanya lolote, usidokoe."

Mwezi wa tisa nilinunua kompyuta mpya nikaiweka gereji. Nikaikaza iende kasi kuliko walivyoitengeneza walioitengeneza, maana sisi ndio mchezo wetu huo. Kisha nikaona kwenye orodha kwamba namba ya Mama Aune bado inajikokota. Nikasema nichungulie tu. Nikaizuia mashine yangu isitume neno lolote makao makuu, nikaiacha ifanye kazi. Ilipomaliza ikaandika kwamba ni tasa.

Tasa, mjomba! Huenda ni namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, na iko kwenye sauna yako. Nikiitangaza mimi, nimemwibia marehemu. Nikinyamaza, na mashine yenu ikafika mwisho, jina litakalotoka magazetini litakuwa lake. Ndiyo sababu nakuambia usizime. Si kwa kuwa naiamini namba. Naijua.

Nawe una jambo Marquette ambalo hutaki kulitaja.


Tucson
Tarehe 4 Januari 2009

Shikamoo mjomba, na heri ya mwaka mpya,

NAANDIKA KWA KALAMU NENE, na nimetanua mwandiko mpaka mama ameniuliza kama natengeneza bango. Mama hajambo. Leo alikumbuka jina la mbwa mliyekuwa naye utotoni, kisha akalia kwa sababu mbwa hayupo.

Asante kwa kukubali. Mama Aune angefurahi. Imefika ngapi sasa?

Mpwa wako akupendaye,
Rhonda


Hancock
Tarehe 8 Februari 2009

Mpwa wangu mpenzi,

Barua zako nne zote zimefika, ya mwisho ikiwa na picha ya mama yako amevaa kofia ya majani. Nimeibandika kwenye friji. Namshukuru Mungu kwa uhai, na namshukuru Wesley kwa jenereta, maana juma lililopita umeme ulikatika njia nzima ya juu.

Nilisikia nyumba imenyamaza. Tanuri huvuma kidogo, na mtu aliyezoea huusikia ukimya. Nilitoka na viatu vya ndani. Nilipofika sauna nikakumbuka kwamba mashine ina lile boksi la betri aliloliweka Aune, likilia pii, pii, kama kifaranga. Nikamwita Wesley kwa simu ya mkononi. Akaja na jenereta kwenye sleji ya kuburuta thelujini huku akitukana kwa Kifini, lugha ambayo huitumia kwa kazi hiyo tu.

"Reino, nyumba yako ina baridi, na wewe jenereta unaipa kompyuta?"

"Mimi nina blanketi."

"Wewe una kichaa."

Lakini haikuzima. Asilimia themanini na tatu! Ningekuwa na watoto wasingenipa fahari hivi.

Nilijigonga kwenye mlango wa sauna upande wa kushoto. Mlango uko palepale alipouweka baba, sijui siku hiyo ulinirukia vipi. Si kitu. Anwani kwenye bahasha ameiandika Wesley, usishangae mwandiko.

Andika upesi.
Mjomba Reino


Tucson
Tarehe 1 Machi 2009

Shikamoo mjomba,

Pole kwa mlango. Mama anakusalimu, anasema upake siagi. Mwambie Wesley ana mwandiko mzuri.

Nilifikiria kuja huko, hata nauli ya ndege niliitazama, lakini mama hana wa kumwachia. Unaelewa. Nitakuja namba ikishamalizika, tusherehekee.

Imefika ngapi?

Rhonda


Hancock
Tarehe 19 Aprili 2009

Rhonda mwanangu,

Theluji inayeyuka na barabara zimekuwa uji. Nakusalimu wewe na dada yangu. Ukiona mistari inapanda kilima nivumilie. Nimekataa kumwachia Wesley aandike hii.

Imemaliza. Imeandika kwamba si namba tasa.

Nilimwita Wesley aisome tena, akaisoma kwa sauti, na haikubadilika. Naona aibu kukuambia. Umeniandikia majira yote ya baridi, umeamini, umeomba, na mimi mwisho wake nakuletea hili. Kama kuna nilichokosea na lile jenereta, kama niliushtua umeme, basi kosa ni langu, unisamehe, na Aune anisamehe.

Sasa ile shughuli ya Marquette. Ni presha ya macho. Daktari alitaka kunipasua Januari. Kesho yake baada ya mashine kumaliza, Wesley alinipakia kwenye gari bila kuniuliza. Daktari ni binti mdogo kuliko wewe. Alinimulika, akarudi nyuma, akasema, "Mzee, ulikuwa wapi tangu Januari?"

Nikasema, "Nilikuwa nalea namba."

Akamgeukia Wesley. Wesley akasema, "Usinitazame mimi."

Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia wamelipasua na wanasema litabaki, nikiwa mtiifu wa matone. Hilo lisikuhangaishe. Mtu wa umri wangu alishaona karibu kila kitu, na vingine mara mbili.

Bado utaniandikia?

Mjomba wako


Tucson
Tarehe 27 Mei 2009

Mjomba,

Sina salamu za kutanguliza. Nimesimama mbele yako kama mtoto aliyevunja chungu, na chungu chenyewe ni jicho lako.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Januari. Niliiandika nikaificha, nikakutumia ile ya kalamu nene badala yake. Isome kwanza hiyo, au Wesley akusomee. Halafu urudi hapa.

Ukishaisoma utakuwa umejua kwamba nilidokoa, na kwamba nilikuwa na hakika namba ni tasa. Lililobaki ni hili. Baada ya barua yako niliipima tena, mwezi mzima, kwenye kompyuta nyingine, ambayo hakuna aliyeikaza. Imepata jibu lilelile la mashine ya Mama Aune, tarakimu kwa tarakimu. Yake ilikuwa sahihi. Jenereta halikuharibu chochote, wala wewe hukukosea hata chembe. Yangu ndiyo iliyosema uongo. Niliikimbiza kupita kiasi ndani ya gereji ya Tucson, kwenye joto la mwezi wa tisa. Iliungua ndani ikakosea hesabu mahali fulani, ikaendelea na kosa lake mpaka mwisho.

Kila mtu wa mchezo huu anajua kwamba mashine iliyokazwa haiaminiki, na kwamba namba ikisemwa ni tasa lazima mtu mwingine aipime kwa mashine nyingine kabla hujafungua mdomo. Mimi sikuweza kumwomba mtu apime, maana angeuliza namba ni ya nani. Kwa hiyo nikaamini uongo, nikakukalisha wewe kwenye baridi ili uongo huo upate wa kuushuhudia.

Na usiseme sikujua. Herufi kubwa niliziona. Mlango uliokurukia niliuona. Mwandiko wa Wesley niliuona, nikausifia! Nilijua una jambo, nikachagua kutouliza, kwa sababu ungenijibu ningelazimika kukwambia uzime. Mama nilikuwa na wa kumwachia. Jirani alijitolea. Sikuja kwa sababu nisingeweza kukutazama.

Sijui naomba nini. Msamaha ni mkubwa mno kuuomba kwa barua.

Rhonda


Hancock
Tarehe 10 Juni 2009

Rhonda,

Hatujambo. Barafu ya ziwani imeshayeyuka yote. Naandika mwenyewe, kwa hiyo hii itakuwa kazi ya siku mbili.

Wesley alinisomea barua zako zote mbili pale jikoni. Alipofika katikati ya ile ya pili akasimama, akasema, "Reino, hii siyo yangu kuisoma." Nikamwambia, "Soma, umeshakula pasti." Alipomaliza alitoka nje akachanja kuni zangu ambazo hazikuhitaji kuchanjwa.

Nilijaribu kukukasirikia kwa ajili ya jicho. Nilijaribu kwa bidii, siku kadhaa. Lakini haki ni haki. Daktari alinionya tangu Oktoba, akaniambia waziwazi: usipokuja Januari jicho hilo halina ahadi. Wewe hukujua ni nini, mimi nilijua. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja, "Rhonda, napofuka," nawe ungesema zima, najua ungesema. Sikuuandika.

Wote hapa wanadhani nilibaki kwa ajili ya Aune. Kanisani wananishika bega. Mchungaji amenitaja kwenye mahubiri, eti upendo wa mume usiozimika, nami nikainamisha kichwa nikapokea sifa kama mgane mwema. Mungu anajua nilikuwa nadanganya kanisani. Aune angejua nimeacha jicho kwa sababu ya namba angenikimbiza na koleo kuanzia sauna hadi barabarani.

Nilibaki kwa sababu ulianza kuniandikia. Nyumba ilikuwa kimya mno tangu afe, Rhonda, nyie hamjui. Mara barua ikaja, nikaisoma nimesimama. Ikaja nyingine. Nikapiga hesabu yangu, hesabu ya dereva wa mtambo wa theluji: mashine ikizimwa, huyu mtoto hatakuwa na la kuniuliza. Kwa hiyo ulipoomba nisizime, ulimwomba mtu aliyekuwa anatafuta sababu. Asilimia zilivyokaribia mia nilikuwa nahuzunika. Siku umeme ulipokatika nilikimbia kuokoa njia ya barua zako.

Kwa hiyo jicho nililitoa mwenyewe, na bei niliijua. Hilo lipumzishe.

Lililoniuma ni jingine, na sitakuficha, maana tumefichana vya kutosha. Nilipofika mahali uliposema umeona mlango, umeona mwandiko, hukuuliza, ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nadhani unaniandikia mimi. Kumbe ulikuwa unaiandikia namba, na mimi nilikuwa bawabu tu. Nimezirudia barua zako zote za Januari hadi Machi kwa jicho hili moja nione kama kuna hata moja isiyouliza imefika ngapi. Ile yenye picha ya kofia ya majani haina swali hilo mpaka mstari wa mwisho. Hiyo nimeiacha kwenye friji.

Sikulaani. Nimekuwa na hatia yangu na wewe yako, na sijui ipi nzito zaidi. Dada yangu usimwambie habari za jicho, atasahau kisha atalia upya kila siku.

Leo asubuhi niliingia sauna nikaizima kompyuta kwa mkono wangu. Walikuwa wameshampa Aune namba nyingine, nikawarudishia. Iliguna kidogo, ikatulia. Sasa hapa kwangu hakuna asilimia, hakuna tuta la mtu, hakuna cha kulinda. Yuko mzee mmoja tu na matone yake.

Jumamosi nitakwenda posta kama kawaida, Wesley atanishika mkono kwenye ngazi. Nitafungua kisanduku nione kama kuna kitu.

Mjomba wako,
Reino